Pale Wanawake Walipokaa Kusikiliza

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani ananiuliza kama Ulaya kuna baridi. Ipo. Lakini najua silo mnalotaka kujua. Mnataka kujua mtu kama mimi, muuza vipuri vya magari wa Wadi Kabir aliyeishia darasa la saba, alikwenda kutafuta nini kwenye vyuo vikuu vya watu. Kwenye kahawa nimewajibu nusu nusu. Basi nimeandika. Someni wenyewe.

Mawaleh

Mke wangu Zuwena alikuwa mwalimu wa historia katika chuo cha ualimu hapa Maskati. Kwa asiyemjua: alikuwa mfupi, mcheshi, na akishajua jambo hawezi kukaa nalo peke yake. Alizaliwa Unguja kama mimi, tukaletwa huku tungali watoto, na alikuwa katika wasichana wa mwanzo mwanzo kuingia chuo kikuu nchini. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la namna vyuo vikuu vilivyoanza. Jioni, nyumbani kwetu Mawaleh, chai ya maziwa ikiwa jikoni, alinisomesha mimi kwanza yale atakayowasomesha wanafunzi wake kesho. Akiona nimeelewa, husema, "Alhamdulillahi. Ukielewa wewe, Baba Raya, hata kuku wataelewa."

Kwake ndipo nilipojua kwamba zamani chuo kikuu hakikuwa jengo. Walikuwa watu. Bologna, katika Italia, wanafunzi waliotoka miji ya mbali walijikusanya kama chama cha mafundi, wakawaajiri walimu wao wenyewe, na mwalimu akichelewa darasani wakimtoza faini. Paris ikawa kinyume, walimu ndio walioshika chama. Kwetu sisi Waislamu, Fez na miji mingine, mwanafunzi alikaa msikitini mbele ya sheikh aliyeegemea nguzo, na akifuzu alipewa ijaza, yaani ruhusa ya kusomesha, kwa jina la sheikh wake na si kwa jina la jengo. Baadaye wafalme na mapapa wakatia mihuri yao, ikaja mitihani, yakaja majoho, zikaja maabara, mpaka mwisho chuo kikuu kikafika Oman, sisi tukiwa watu wazima au karibu na hapo.

Chuo alichosoma Zuwena kilikuwa na njia mbili. Wavulana walipita chini. Wasichana walipita juu, kwenye ujia wao, wakaingia darasani kwa mlango wa nyuma na kukaa safu za nyuma. Hakulalamika. "Nilisikia kila kitu," alikuwa akisema, "na hakuna aliyeniona nikisinzia." Lakini huko ndiko alikotoka na swali ambalo halikumwacha. Msikiti mkongwe wa Fez, unaotajwa na wengi kuwa chuo kikongwe kuliko vyote vilivyobaki duniani, husemwa ulijengwa na mwanamke. Sasa wanawake wenyewe walikaa wapi? Kitabu kimoja kilimwambia walikaa juu, nyuma ya madirisha ya mbao yenye matundu. Kingine hakikusema kitu.

"Nnataka nikakae pale mwenyewe," alisema. "Nisikilize. Nijue kama walikuwa wakisikia au walikuwa wakikaa tu."

Tulipanga twende akistaafu, Bologna kwanza kisha Fez. Akastaafu. Akaugua. Akafa.

Mwanamke akifiwa na mume hukaa eda, miezi inapita, na hakuna anayemuuliza kwa nini hatoki nje. Mwanamume hana eda. Siku tatu za kupokea watu, kisha duka linafunguliwa. Dada yangu mkubwa, Bi Salma, hata mwezi hakungoja umalizike.

"Nassor, nyumba bila ya mwanamke inanuka upweke. Yuko mjane mmoja mtaa wa Hamriya, mtulivu, anajua kupika."

"Da Salma, hata mimi najua kupika."

"Wewe unajua kukaanga mayai."

Ni kweli. Lakini sikutaka wa kunipikia. Katika kila kitu cha Zuwena, nguo zimeshagawiwa, vitabu vimeshachukuliwa na chuo, lile swali tu ndilo lililokuwa halijakwisha. Nikaona nikilipata jibu lake nitakuwa nimemfanyia jambo, si kumlilia tu. Binti yetu Raya akanipangia safari yote, akanitilia halwa kwenye mkoba, akanisindikiza mpaka uwanja wa ndege. Hakuniuliza kama nna akili timamu. Namshukuru.

Maskati mpaka Bologna

Katika ndege, mhudumu aliniuliza nataka kuku au samaki. Nikamjibu, "Mimi kuku, na yeye samaki." Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifanya kila safari, ili tuonjeshane. Akaniwekea sinia mbili. Jirani yangu alikuwa Mturuki mnene ambaye sinia yake moja ilikuwa imeshakwisha. Alizitazama zangu, akanitazama mimi. Nikamsogezea samaki. Akamla mpaka mwiba, akanipigapiga begani kwa shukrani, akalala akiniegemea mpaka Istanbul.

Istanbul theluji ikatuzuia. Nilikaa kwenye viti vya chuma pamoja na watu wa kila rangi, tukitazama ubao unaoandika "subiri". Mama mmoja wa Kisudani alikuwa na kahawa ya tangawizi ndani ya chupa, akawa anawagawia waliomzunguka. Akaniuliza nasafiri na nani. Nikamwambia peke yangu. Akasema, "Peke yako ni kubaya, lakini kahawa inabaki nyingi," akanijazia tena.

Bologna

Mji wa Bologna ni wa rangi ya matofali, na njia zake za miguu zimeezekwa, nguzo baada ya nguzo, unatembea mji mzima kama uko kwenye baraza ya mtu. Mvua ilikuwa inanyesha na sikulowa. Nilikwenda kwenye jumba la zamani la chuo. Kuta zake, toka chini mpaka kwenye dari, zimejaa ngao za wanafunzi wa zamani, kila mmoja na nembo ya kwao. Nilitafuta ngao ya mwanamke. Sikujua nitaitambuaje, nikaacha.

Nje, karibu na kanisa, wamezikwa walimu wa sheria wa zama hizo. Makaburi yao yamepandishwa juu ya nguzo, hewani, yana paa la kijani lililochongoka. Zuwena alikuwa akiwacheka sana. "Maskini," alisema, "wanafunzi waliwatoza faini walipokuwa hai, walipokufa wakawaogopa wakawaweka juu." Nilisimama pale na kucheka peke yangu, halafu nikageuka upande wa kushoto, upande anaosimama yeye siku zote, nimwone kama anacheka.

Baada ya hapo nikakutana na harusi. Bibi harusi alikuwa na taji la majani mabichi kichwani, utepe mwekundu unaning'inia, rafiki zake wanaimba na kumrushia vikaratasi, na pembeni mzee mmoja amevaa koti zuri anafuta machozi. Nikajua ndiye baba. Kwetu hupiti kwenye furaha ya mtu mikono mitupu. Nikatoa boksi moja la halwa, nikampa kwa mikono miwili, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha dukani, "Mungu awabariki. Bwana harusi yuko wapi, nimpe mkono?"

Mzee alinitazama, akamtazama binti yake, kisha akaanza kucheka mpaka akashika nguzo. Akasema neno kwa sauti, na genge zima likacheka.

"Hakuna bwana harusi!" akaniambia. "Amemaliza chuo kikuu! Leo!"

"Basi hongera zaidi," nikasema.

"Bwana harusi ningemlisha mimi," akasema. "Huyu atanilisha yeye."

Wakanivuta katikati yao. Yule binti akala halwa kwa vidole, akauliza ina nini, nikamwambia samli, sukari, zafarani na hiliki. Mzee akaniuliza kwa nini niko Bologna. Nikamjibu kwamba mke wangu alisomesha habari za mji wao.

"Ah! Yuko hotelini? Mwite aje!"

"Hakuja," nikasema.

Sikusema uongo. Hakuja. Yule binti alinitazama usoni kidogo, akavua taji lake la majani, akachomoa jani moja, akanipa. Sikujua kama ni desturi yao au ni jambo lake mwenyewe. Nililitia mfukoni na baadaye likapotea.

Chakula kilinitesa. Kila dirisha limening'iniza nyama ya nguruwe, na kila nikiona supu naona kama imepitiwa na mwiko wa jirani. Nikaishi kwa ndizi na biskuti mpaka nilipoona duka lenye maandishi ya Kibengali. Mwenye duka akaitazama kofia yangu, akapiga kelele kwa Kiarabu kile kile tunachoongea na wafanyakazi huku kwetu, wanaotuita arbab, yaani bwana mkubwa, "Arbab! Omani? Maskati wapi?"

"Wadi Kabir."

"Wallah! Mimi Wadi Kabir! Rangi ya gari!"

Jina lake Shafiq. Alikuwa akipiga rangi magari gereji ya mtaa wa nyuma ya duka langu, miaka mingi, na hatukujuana. Akafunga duka mchana kweupe, akaniingiza ndani, akanipa wali na samaki wa mchuzi mkali. Mimi nikila, yeye amesimama.

"Kaa, Shafiq."

"Hapana, arbab. Maskati mimi nasimama, wewe unakaa. Hapa duka langu, wewe mgeni, mimi bado nasimama. Miguu imezoea." Akacheka, kisha akakaa. "Unarudi lini?"

"Natoka hapa nakwenda Fez."

"Fez kuna kazi?"

"Kuna swali."

"Swali halilipi," akasema, akaniongeza wali.

Treni ya Fez

Kutoka Casablanca nilichukua treni. Mbele yangu alikaa mama wa makamo, mnene kidogo, jilbabu la bluu, na kikapu kilichofunikwa kwa taulo. Naima. Ni fundi cherehani wa Fez, alikuwa akirudi kutoka kwa mwanawe. Kiarabu chetu na chao ni ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali. Mimi nikisema hivi yeye haelewi, yeye akisema vile mimi naona anagombana na mtu. Mwisho tukakimbilia Kiarabu cha vitabuni, tukawa tunasemezana kama watu wanaosoma habari redioni.

"Je, unataka yai?" akaniuliza kwa ufasaha mkubwa.

"Naam, nataka yai," nikajibu.

Tukacheka wote wawili. Akafunua kikapu: mayai ya kuchemsha, zeituni, na chapati zao za pembe nne zenye siagi. Treni ikasimama katikati ya mashamba na ikakaa. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Jua likahama kutoka dirisha lake likaja langu. Ndipo akaniuliza nakwenda kwa nani, na kwa kuwa hatukuwa na pa kwenda, nilimweleza yote, Zuwena, ujia wa juu, swali.

Alimenya yai lote kabla hajajibu.

"Pale juu napajua. Nimesali pale tangu msichana. Darsa siendi. Kuna vikongwe pale, bwana, kila mmoja na mto wake, ukikanyaga zulia lake utadhani umemkanyaga mama yake." Akanipa yai. "Nyumba yangu iko nyuma ya soko la shaba. Ukikwama, muulizie Naima wa cherehani."

Nikasema sitakwama. Niliona kazi kubwa imeshakwisha, nimeshafika.

Fez

Mji wa kale wa Fez hauna gari. Kuna punda, waliobeba ngozi na mitungi ya gesi, na watu wanaokupigia kelele upishe. Chuo chenyewe kimeshahamia nje, kwenye majengo mapya. Msikitini zimebaki darsa, anayetaka hukaa akasikiliza.

Niliingia Adhuhuri. Nilijua nitakuwa mgeni katika safu, mtu anayesali mikono imeshuka kati ya waliofunga mikono kifuani, kama inavyonitokea mimi Ibadhi kila nikisali nje ya kwetu. Nikapiga takbiri, nikachungulia kwa jicho. Mikono yao imeshuka. Kulia imeshuka, kushoto imeshuka. Moyo ulinipanda. Sala ilipokwisha nikamwinamia mzee aliyekuwa kando yangu, muuza viatu vya ngozi, nikamnong'oneza, "Alhamdulillahi. Kumbe nanyi huku ni Ibadhi?"

"Ibadhi?" akasema. "Sisi ni wa madhehebu ya Maliki, bwana. Wengi wetu ndivyo tunavyosali, toka babu zetu."

"Na sisi pia toka babu zetu."

Akaitazama mikono yangu, akaitazama yake. "Basi mimi na wewe babu zetu walikuwa wavivu wa aina moja," akasema, akanishika mkono.

Nikaona nimepata rafiki. Nikamwuliza ngazi ya kupandia kule wanakokaa wanawake iko wapi.

Akauachia mkono wangu. "Unamtafuta nani huko?"

"Simtafuti mtu. Nataka kukaa tu, nisikilize."

"Kwa wanawake? Wewe? Mwanamume?"

Wallahi, mpaka dakika ile sikuwa nimelifikiria. Niliivuka bahari, nilingoja theluji, nililala kwenye viti vya chuma, na hata mara moja halikunijia kwamba nikifika mlangoni sitaingia. Tulipopanga, mpango ulikuwa yeye apande na mimi nimngoje chini na viatu vyake. Nami nikaja mpaka Fez na mpango ule ule, kana kwamba yumo. Nilikaa chini penye uwanja wa maji ya kutawadhia. Yule mzee akadhani naumwa.

Nilipomweleza, hakucheka. Akasema darsa ya wazi ni Alhamisi baada ya Alasiri, na mwanamke yeyote anaweza kupanda. "Tafuta mwanamke," akasema, na kwa mara nyingine mtu akanishauri hilo, lakini kwa sababu nzuri zaidi.

Nilipotea mara nyingi kabla sijalifikia soko la shaba. Naima alikuwa kwenye cherehani, pini midomoni.

"Hukukwama?" akaniuliza.

"Nimekwama."

"Wanaume," akasema, akatema pini. "Nna nguo ya harusi ya kumaliza. Haya. Nitakaa badala yake. Nitasikia kwa masikio yangu kisha nikwambie. Lakini mimi si msomi."

"Hata mimi."

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Sheikh husomesha kwa kipaza sauti. Kwa kipaza sauti hata punda wa nje wanasikia. Yule muuza viatu akanipeleka kwake Alhamisi, kabla ya Alasiri. Sheikh alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, miwani, sauti ndogo. Akasikiliza, akauliza jina la marehemu, akamwombea rehema. Kisha akachomoa waya ukutani kwa mkono wake mwenyewe. "Walimu wetu walikuwa na koo tu," akasema. "Tujaribu."

Nilikaa chini na wanaume, karibu na nguzo. Naima akapanda. Sheikh akaanza, na haukupita muda juu kukaanza kugongwa mbao. Vikongwe wanagonga dirisha, hawasikii. Kelele za kike zikatushukia, sikuelewa maneno lakini maana niliielewa. Sheikh akapaza sauti. Wakagonga zaidi. Muuza viatu, niliyekwisha kumsimulia ya Bologna, akaniinamia, "Hawa hawatozi faini kama wale wa Bologna, lakini wanakaribia." Halafu, ghafla, juu kukawa kimya. Kimya mpaka mwisho wa darsa. Nilidhani wamekasirika, wamekwenda zao.

Niliwangoja nje, penye mlango wao. Wakatoka mmoja mmoja, wamejifunika nyeupe, kila mmoja na mto kwapani, kila mmoja akinitazama akipita. Mmoja aliniwekea mkono kichwani kama mtoto, akaenda. Naima alitoka wa mwisho.

"Pana madirisha kadhaa," akasema. "Ukikaa penye la katikati, maneno yanafika yote, neno kwa neno. Nimekaa nikasikia. Ukikaa pengine popote ni mvumo, kama nyuki. Kwa hiyo mwambie mkeo..." Akajirudi. "Walikuwa wakisikia. Wachache. Wenziwao waliambiwa na hao."

"Na zile kelele?"

"Walikuwa wanataka kunitoa dirishani. Lile ndilo wanalogombania kila siku, na leo bila ya mashine kila mtu analitaka. Nikawaambia, mimi si wa kukaa hapa, nimemshikia mtu. Nani? Mwanamke wa Oman, mwalimu, alitaka kuja kusikiliza. Yuko wapi? Nikawaambia amekufa." Akajifuta uso kwa ncha ya jilbabu. "Yule mkali kuliko wote akaninyanyua kwa mkono, akasema, basi toka, mpishe akae. Wakajivuta nyuma wote. Hakuna aliyekaa pale tena mpaka sheikh alipomaliza."

"Kwa hiyo nyinyi mlisikia nini?"

"Mvumo. Wewe ulikuwa chini, karibu naye kabisa. Hebu niambie, amesomesha nini?"

Nilitafuta neno hata moja. Lakini darsa nzima nilikuwa nimeinua kichwa nikiyatazama yale madirisha.

"Sijui," nikamwambia. "Sikusikiliza."

Naima akanitazama, akatazama juu, akakivuta kikapu chake begani.

"Basi darsa ya leo ameichukua yeye peke yake."